Kipande Kimoja cha Diklofenaki, Wagonjwa Wawili: Mwongozo wa Dawa za Uvimbe kwa Mfupa Uliovunjika na kwa Goti Linalouma

Jioni moja, muda mfupi kabla ya kufunga farmasi ninamofanya kazi katika mtaa wa Birere hapa Goma, aliingia kijana akiwa na kipande cha vidonge vya diklofenaki kilichokatwa kwa mkasi, akaomba vipande vitatu vingine vya aina ileile. Nilipomwuliza ni vya nani, alijibu kwamba ni vya watu wawili: mdogo wake, ambaye siku mbili kabla alikuwa ameanguka na pikipiki juu ya mawe ya lava na kuvunjika goko, yaani mfupa wa mguu ulio chini ya goti, na mama yao, ambaye magoti yamemsumbua kwa miaka mingi. Walikuwa wakigawana vidonge hivyo, kimoja kwa huyu asubuhi, kimoja kwa yule jioni. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya nyumba kama ile, kwa sababu dawa hiyo inazima kitu kilekile katika miili yote miwili, lakini mfupa unaojiunga hauhitaji yale yanayohitajiwa na goti linalochakaa.

Hatua ya kwanza: Kijue kimeng'enya unachotaka kukizima

Kila seli ya mwili imezungushiwa utando wenye mafuta. Seli ikiumizwa, kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kemikali mwilini) kiitwacho fosfolipasi hukata kutoka katika utando huo kipande cha mafuta kinachojulikana kama asidi ya arakidoni, na kipande hicho hupokewa na vimeng'enya viwili vya ukoo mmoja, siklooksijenazi ya kwanza na ya pili, ambavyo wataalamu huviandika kwa ufupi COX-1 na COX-2. Hivyo ndivyo vinavyoanzisha utengenezaji wa prostaglandini, yaani kemikali zinazoishi kwa muda mfupi sana na kufanya kazi palepale zilipozaliwa. Inayotuhusu zaidi ni prostaglandini E2. Ndiyo inayopanua mishipa midogo ya damu hadi mahali palipoumia pakavimba na kupata joto, ndiyo inayozifanya neva zihisi maumivu upesi kuliko kawaida, na ikitengenezwa katika ubongo ndiyo inayopandisha homa.

Jina lenyewe lisimtishe mtu. Mtafiti wa Sweden, Ulf von Euler, alilitoa katika miaka ya 1930 akidhani kwamba kemikali hizo hutoka katika tezi ya prostati, yaani tezi dume. Baadaye ilijulikana kwamba karibu kila kiungo cha mwili huzitengeneza, wanawake kwa wanaume, lakini jina lilikuwa limekwisha kushika. Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini hutuliza maumivu kwa kuzuia utengenezaji wa prostaglandini, na mwaka 1982 akashiriki Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Sune Bergström na Bengt Samuelsson wa Sweden.

Tofauti kati ya vimeng'enya hivi viwili ndiyo ufunguo wa mambo mengine yote yatakayofuata. COX-1 kipo kazini kila siku: kinalinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi yake lenyewe, kinazisaidia figo kupata damu ya kutosha, na kinaziwezesha chembe sahani za damu kushikamana mtu anapojikata. COX-2, ambacho kilitambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika sehemu nyingi za mwili hakionekani mpaka kuwe na jeraha au uvimbe, na hapo huongezeka kwa saa chache. Diklofenaki, ibuprofeni, indometasini na piroksikamu huvizuia vyote viwili, kila moja kwa kadiri yake. Parasetamoli hutuliza maumivu na homa, lakini nguvu yake dhidi ya uvimbe ni ndogo sana, na hilo, ambalo wateja wengi hulihesabu kuwa udhaifu, kwa mwenye mfupa uliovunjika linaweza kuwa faida.

Hatua ya pili: Saa za kwanza baada ya kuvunjika

Kabla ya dawa yoyote, mfupa utulizwe. Funga ubao au kitu kingine kigumu kilichonyooka, kikivuka kiungo kilicho juu ya mahali palipovunjika na kile kilicho chini yake, na uweke kitambaa laini kati ya ubao na ngozi. Kisha bonyeza ukucha wa kidole cha mguu au cha mkono huo mpaka uwe mweupe, uachie, na uhesabu: rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde mbili hivi. Ikichelewa, au vidole vikiwa baridi na kufa ganzi, au maumivu yakizidi kila vidole vinaponyooshwa, kifungo kimebana mno au uvimbe umebana mishipa ndani ya msuli, na hapo hakuna kidonge cha kungojea. Legeza kifungo na upeleke mgonjwa hospitali saa hiyohiyo. Mfupa uliotoboa ngozi nao unahitaji hospitali siku ileile, kwa sababu vijidudu vikishaingia katika mfupa hutoka kwa shida.

Goma ina madaktari wanaoijua kazi ya mifupa. HEAL Africa ina upasuaji wa mifupa, na hospitali ya CBCA Ndosho imepokea majeruhi wengi wa vita kwa msaada wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Siwadharau wazee wanaounga mifupa vijijini, kwa maana baadhi yao wana mikono yenye ujuzi kweli. Ninachoomba ni kwamba ipigwe kwanza picha ya mfupa, ile ambayo hapa mjini tunaiita radio, na kwamba asiwepo mtu wa kuusugua mfupa uliovunjika kwa mafuta ya moto.

Kwa maumivu, anza na parasetamoli. Mtu mzima mwenye uzito wa kawaida humeza gramu moja, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa sita, bila kupita vidonge vinane katika saa 24. Mtu mwembamba sana, mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe kila siku apunguze kiasi hicho kwa ushauri wa daktari. Mtoto hupimwa kwa uzito, miligramu 15 kwa kila kilo, mara nne kwa siku na si zaidi. Usiache mpaka maumivu yapande ndipo utafute dawa, bali katika siku za mwanzo imeze kwa saa zake. Ikiwa haitoshi, daktari anaweza kuongeza tramadoli kwa siku chache, na hiyo isinunuliwe bila cheti chake.

Hatua ya tatu: Elewa kwa nini uvimbe wa mfupa uliovunjika una kazi

Mfupa unapovunjika, damu humwagika katikati ya vipande viwili na kuganda. Watu huliona donge hilo kama uchafu unaopaswa kutolewa, kumbe ndilo shamba ambalo mfupa mpya utaota. Katika wiki ya kwanza seli za ulinzi hujaa humo, COX-2 huongezeka, na prostaglandini E2 hutoa wito kwa seli changa zilizo katika ngozi ya mfupa ili zianze kugeuka kuwa seli za ujenzi. Kuanzia wiki ya pili hivi hutokea daraja laini la gegedu (kitu kigumu kiasi lakini kinachopindika, kama kilicho ndani ya sikio) linaloshika vipande viwili, na katika wiki zinazofuata daraja hilo hugeuka kuwa mfupa mgumu, ambao kwa miezi mingi, hata miaka, huchongwa upya mpaka ukaribie umbo la zamani. Katika uchongaji huo pia prostaglandini ina mkono, kwa kuwa huziamsha seli zinazojenga na vilevile zile zinazokula mfupa wa zamani.

Mwaka 2002 watafiti huko Marekani walionyesha jambo hili kwa uwazi mkubwa. Panya waliozaliwa bila COX-2 walichelewa kuunga mifupa yao, na gegedu lililoota lilishindwa kugeuka mfupa inavyotakiwa, ilhali panya waliokosa COX-1 walipona kama kawaida. Panya waliopewa dawa zinazozuia COX-2 nao walichelewa. Utafiti wa baadaye uliongeza habari ya kutia moyo, kwamba dawa ikitumiwa kwa siku chache na kuachwa, mfupa wa panya huweza kufidia ucheleweshaji ule.

Binadamu si panya, na hapa nataka kusema kwa uangalifu. Katika hospitali nyingi ilionekana kwamba wagonjwa ambao mifupa yao haikuunga walikuwa wametumia dawa za uvimbe zaidi ya wengine, lakini inawezekana pia kwamba mfupa usiounga huuma zaidi, na anayeumwa zaidi humeza zaidi. Ushahidi unaonishawishi kuliko huo unatoka kwa wapasuaji wa nyonga. Baada ya upasuaji, wakati mwingine mfupa huota ndani ya msuli mahali usipotakiwa, na kwa miaka mingi madaktari wamewapa wagonjwa wa namna hiyo indometasini kwa makusudi ya kuuzuia usiote. Dawa inayoweza kuuzuia mfupa tusioutaka siwezi kuiona kuwa haina habari yoyote na mfupa tunaoutaka.

Hatua ya nne: Amua kama dawa ya uvimbe itatumika, na kwa siku ngapi

Kwa kijana mwenye afya, dozi chache za ibuprofeni alizopewa hospitalini katika siku mbili au tatu za kwanza si sababu ya kuogopa, na kwa watoto, ambao mifupa yao huunga upesi, matumizi mafupi ya ibuprofeni hayakuonyesha madhara katika tafiti zilizowafuata. Jambo la kuepuka ni kuendelea kwa wiki nyingi bila daktari kujua, kama walivyokuwa wakianza kufanya yule aliyevunjika na mama yake kwa diklofenaki yao.

Uangalifu uzidi kwa mtu ambaye mfupa wake tayari una vizuizi vingine: mvutaji wa sigara, mwenye kisukari, mzee, aliyevunjika goko kwa jeraha la wazi, aliyevunjika kiganja kwenye kile kimfupa kidogo chini ya dole gumba ambacho hupata damu kidogo, au yule ambaye mfupa wake umekwisha kukataa kuunga mara moja. Kwa watu hao mimi hupendelea dawa za uvimbe zisitumike kabisa katika wiki za mwanzo, isipokuwa mpasuaji ameziandika mwenyewe akijua sababu yake. Sigara nayo iachwe. Nimeona watu wakibishana juu ya kidonge kimoja huku sigara ikiwaka mkononi, na katika mambo yote ambayo mgonjwa anaweza kuyabadilisha mwenyewe, sigara ndiyo inayomchelewesha zaidi.

Hatua ya tano: Lisha mfupa na uuwekee uzito kwa kipimo

Chakula cha mfupa hapa kwetu hakihitaji fedha nyingi. Sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu wanaoliwa pamoja na mifupa yao, wana kalisi na protini katika mdomo mmoja. Maharagwe, lengalenga (mchicha) na mayai husaidia, na mwenye uwezo asisahau jibini la Masisi. Dakika chache za jua juu ya mikono na miguu humpa vitamini D mgonjwa anayeshinda ndani ya nyumba.

Kuhusu uzito, liko jambo ambalo wengi hawalifahamu: seli zilizozikwa ndani ya mfupa, zinaposhinikizwa na mwendo, nazo hutoa prostaglandini E2, na hiyo ni mojawapo ya njia ambazo mfupa hutambua kwamba unahitajika. Ndiyo maana daktari, baada ya kuridhika na radio, humwambia mgonjwa aanze kukanyaga kidogo kidogo akiwa na magongo. Asikanyage kabla ya ruhusa, na akipewa ruhusa asiendelee kulala kitandani kwa woga. Kifundo cha mkono cha mtu mzima huhitaji karibu wiki sita, na goko mara nyingi miezi mitatu hadi minne au zaidi. Ikiwa baada ya muda huo mahali palipovunjika bado panacheza, au panauma kila anapokanyaga, radio irudiwe. Kuongeza vidonge hapo ni kuficha habari ambayo mfupa unajaribu kuitoa.

Hatua ya sita: Kwa goti, tambua kwanza ni ugonjwa gani

Sasa tumfikie mama. Hapa Goma kila maumivu ya kiungo huitwa rumatizimu, na jina hilo moja hufunika magonjwa yasiyofanana. Goti linalouma jioni baada ya kazi, likatulia kwa kupumzika, na asubuhi likawa gumu kwa muda usiofika nusu saa, kwa kawaida lina gegedu lililochakaa. Hilo ndilo ninaloliona kwa akina mama waliobeba mizigo mgongoni tangu utoto, na kwa waendesha chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ambao hupiga goti moja juu ya mbao huku wakisukuma kwa mguu mwingine, wakishuka na viazi kutoka Kibumba. Vidole vya mikono yote miwili vinavyovimba na kukakamaa kila asubuhi kwa saa nzima au zaidi huonyesha baridi yabisi, ugonjwa ambamo kinga ya mwili hushambulia viungo vyake yenyewe. Dole gumba la mguu linalowaka ghafla usiku, hasa kwa mwanamume mpenda bia na nyama, mara nyingi ni jongo. Kiungo kimoja chenye moto mkali, kisichokunjika, kwa mtu mwenye homa, kinaweza kuwa na usaha ndani, na huyo apelekwe hospitali siku hiyo bila kupitia farmasi. Kijana mwenye ugonjwa wa selimundu anayeanza kuchechemea kwa maumivu ya nyonga naye apigwe radio, kwa kuwa kichwa cha mfupa wa paja huweza kufa kwa kukosa damu.

Katika viungo vyote hivyo utando wa ndani hutengeneza prostaglandini E2 kwa wingi, hasa katika baridi yabisi. Hapa haijengi daraja lolote. Inakoleza maumivu, na pamoja na kemikali nyingine huchangia kuamsha vimeng'enya vinavyotafuna gegedu na seli zinazokula mfupa kando ya kiungo. Kwa hiyo kuizuia kuna maana, na mgonjwa hupata nafuu ya kweli. Hata hivyo nafuu hiyo isimdanganye mwenye baridi yabisi: diklofenaki itamwezesha kufunga vifungo vya shati asubuhi, lakini viungo vitaendelea kuharibika mpaka apate dawa zinazotuliza kinga yenyewe, kama vile metotreksati, chini ya uangalizi wa daktari.

Hatua ya saba: Namna ya kutumia dawa ya uvimbe kwa goti

Kwa goti lililochakaa, anza na jeli ya diklofenaki ya kupaka, mara tatu au nne kwa siku, kwa wiki mbili hivi kabla ya kuhukumu kama inafaa. Dawa inayoingia katika damu kwa njia hiyo ni kidogo, na tumbo linanusurika. Pamoja na jeli, mama akae kitini, anyooshe mguu mbele mpaka msuli wa paja ukaze, ahesabu hadi tano, ashushe, kisha arudie mara kumi kwa kila mguu, asubuhi na jioni. Msuli wa paja wenye nguvu hulipunguzia goti mzigo ambao kidonge hakiwezi kuubeba.

Vidonge vikihitajika, vichukuliwe kwa kiasi kidogo kinachotosha na kwa siku chache, baada ya kula, na dawa moja tu kwa wakati mmoja. Kosa ninaloliona kila wiki ni mtu kumeza ibuprofeni ya jirani, diklofenaki ya dukani na aspirini ya zamani kwa siku moja, akidhani ni dawa tatu tofauti, kumbe ni milango mitatu ya chumba kimoja. Kwa sababu hiyo usikubali kipande kilichokatwa mpaka jina, kipimo na tarehe ya mwisho vikabaki upande mwingine. Cha yule kijana kilikuwa kimebaki na herufi tatu tu, na wao hawakujua kama kila kidonge kilikuwa cha miligramu 50 au 100.

Wapo wasiopaswa kuzimeza bila daktari. Aliyewahi kuwa na vidonda vya tumbo yumo, kwa sababu COX-1 inayolinda tumbo huzimwa pia. Choo cheusi kama lami ni dalili ya damu, na dawa iachwe mara moja. Yumo mwenye ugonjwa wa figo, na yule anayemeza kaptoprili au furosemidi kwa ajili ya shinikizo la damu. Yumo mgonjwa wa malaria anayetapika na kukaukiwa maji, ambaye figo zake saa hiyo zinaitegemea prostaglandini ili zipate damu, kwa hiyo homa yake itulizwe kwa parasetamoli. Mwenye pumu inayoamshwa na aspirini asiziguse. Mjamzito aziepuke kuanzia wiki ya 20, na miezi mitatu ya mwisho asizimeze kabisa, kwa sababu huweza kupunguza maji yanayomzunguka mtoto na kufunga mapema mshipa ambao moyo wa mtoto unauhitaji kabla ya kuzaliwa.

Atakayeuliza kwa nini tusizime COX-2 peke yake na kuliacha tumbo salama, jibu ni kwamba ilijaribiwa. Vioxx iliingia sokoni mwaka 1999 kwa matumaini hayo, na Septemba 2004 kampuni ya Merck ikaiondoa duniani kote baada ya kuonekana kwamba inaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi. Selekoksibu, ya ukoo huohuo, bado inatumika kwa tahadhari. Mwenye ugonjwa wa moyo asinunue yoyote kati ya hizi kwa kujiamulia, na diklofenaki imo katika onyo hilo.

Hatua ya nane: Jihadhari na deksa

Vipakiti vya vidonge mchanganyiko visivyo na jina, vinavyouzwa kama dawa ya viungo, mara nyingi nguvu yake hutoka kwa deksametazoni au prednisoloni. Dawa hizi hukata mnyororo juu zaidi, tangu kwenye fosfolipasi, na pia huzuia seli isitengeneze COX-2, ndiyo maana mgonjwa huamka siku ya pili akicheza. Baada ya miezi kadhaa uso hufura, sukari hupanda, mfupa huwa mwepesi na kuvunjika kwa jambo dogo. Aliyekwisha kuzimeza kwa wiki nyingi asiache ghafla, kwani mwili wake umesahau kutengeneza wenyewe homoni ya asili ambayo dawa hizi huiga. Daktari atampunguzia pole pole.

Hatua ya tisa: Andika

Nunua daftari dogo, ukurasa mmoja kwa kila mgonjwa. Andika tarehe ya kuvunjika au ya maumivu kuanza, jina kamili la dawa na kipimo chake, saa iliyomezwa, na tarehe ya radio inayofuata. Aliyemeza aspirini aiandike hata kama ilikuwa kidonge kimoja, kwa sababu chembe sahani zilizozimwa nayo hazipati nafuu mpaka mwili utengeneze nyingine, kwa siku saba hadi kumi, na mpasuaji atataka kujua.

Jioni ile kijana aliondoka na parasetamoli na karatasi ya kumpeleka mdogo wake kupiga radio asubuhi iliyofuata, na kwa mama bomba moja la jeli. Kipande cha diklofenaki alikiacha juu ya meza yangu, kikiwa bado na vidonge vinne.